Kila Jumamosi Unakimbia, Mbona Muda Haushuki?

Saa 11 na nusu alfajiri ya Jumamosi, Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam limeshajaa watu. Vikundi vya jogingi vinakuja na fulana za rangi moja, huyu na filimbi shingoni, yule na spika ndogo inayopiga singeli. Kilomita mbili za kwanza ni utani wa Simba na Yanga. Kisha mmoja anachomoka kidogo, labda hata hakukusudia. Aliye nyuma yake hataki kuachwa. Wakifika kilomita ya nne hakuna tena anayeongea, ni vishindo vya viatu na pumzi tu. Mwisho wanapiga picha, wananunua madafu, wanaagana hadi wiki ijayo. Na wiki ijayo wanarudia vilevile.

Nilikuwa mmoja wao kwa miaka miwili. Nilikimbia mara tatu kwa wiki, na siku ambayo sikurudi nyumbani nimelowa chapachapa niliiona imepotea bure. Mwaka wa kwanza muda wangu wa kilomita 10 ulishuka kutoka dakika 71 hadi 61. Mwaka wa pili ulishuka hadi 60. Dakika moja tu, kwa mwaka mzima wa jasho! Nililaumu umri, nikalaumu viatu, nikalaumu joto la Dar. Kumbe nilikuwa nakimbia mbio moja ileile, kwa mwendo uleule, mara 150 kwa mwaka.

Mwendo huo nauita wa katikati. Ni wa kasi mno kwa mwili kujijenga polepole, na ni wa taratibu mno kuufundisha kasi. Unachosha vya kutosha kukufanya ujione umefanya kazi, lakini mwili ukishauzoea hauna sababu ya kubadilika tena. Ratiba ya mazoezi, tukiivua majedwali na programu zake za simu, kazi yake kubwa ni kukutoa kwenye mwendo huo.

Mwili haupati nguvu barabarani

Mpime mtu dakika tano baada ya mazoezi magumu, utamkuta amedhoofika kuliko alivyoanza. Nguvu huja baadaye, akiwa amekaa, anakula, analala. Mazoezi yanaupa mwili taarifa kwamba mzigo wa leo ulikuwa mkubwa, nao unajikarabati na kuongeza akiba kidogo kwa ajili ya mzigo wa kesho. Ukiuongezea mzigo kabla haujamaliza ukarabati, unachimba shimo juu ya shimo. Ukichelewa sana, ile akiba inayeyuka. Kwa hiyo anayepanga ratiba anapanga uchovu: uje lini, kwa kiasi gani, na uondoke lini.

Kinacholeta utata ni kwamba viungo vya mwili havijengeki kwa kasi moja. Majimaji ya damu huanza kuongezeka ndani ya wiki moja au mbili tu, moyo ukapata damu nyingi zaidi ya kusukuma kwa kila pigo. Ndiyo maana anayeanza kukimbia hujisikia mtu mpya kabla ya mwezi kuisha. Ndani ya misuli, mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, huongezeka kwa wiki kadhaa, pamoja na mishipa midogo ya damu inayoizunguka misuli. Kano na mifupa huchukua miezi. Kano hupata damu kidogo mno, nao mfupa hauna haraka na mtu.

Hapo ndipo wengi tunapoumia: pumzi inafika kabla ya mifupa. Mara yangu ya kwanza kufuata ratiba niliyoichukua kwenye simu, wiki ya tatu nilijiona simba. Nikaongeza kupanda mlima pale Mlimani, chuo kikuu, mara mbili kwa wiki, jambo ambalo ratiba haikusema. Maumivu yalianza kwenye muundi wa mguu wa kushoto, mahali padogo pasipozidi sarafu ya shilingi 200. Nikipabonyeza kwa kidole naruka. Nikapaka dawa ya misuli, nikaendelea siku nne nyingine, na malipo yake yakawa wiki sita bila kukimbia hata hatua moja. Maumivu yaliyotawanyika kwenye kigimbi chote baada ya mazoezi ni ya kawaida. Maumivu yanayokaa mahali pamoja juu ya mfupa, na kuzidi kadiri unavyokimbia, ni ya kwenda kumwona daktari.

Ndiyo sababu ratiba nzuri huongeza kilomita kwa wiki mbili au tatu, kisha inazipunguza wiki moja kabla ya kupanda tena. Ile wiki ya kupungua huwauma watu wenye bidii, wanaiona kama uvivu uliohalalishwa. Mimi sasa naisubiri kwa hamu.

Polepole kiasi gani?

Polepole kiasi cha kuona aibu. Kipimo hakihitaji saa ya bei mbaya: simulia mechi ya jana kwa sauti, sentensi nzima nzima. Ukilazimika kukatisha sentensi ili uvute pumzi, umekwenda kasi. Kwa mtu anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 60, yaani dakika 6 kwa kila kilomita, siku ya polepole inakuwa dakika 7 hadi 7 na nusu kwa kilomita. Kwa jua la Dar saa 11 jioni inaweza kufika 8, kwa sababu sehemu ya damu inapelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili na moyo unalazimika kupiga zaidi kwa mwendo uleule. Siku kama hizo pumzi inasema kweli kuliko saa ya mkononi.

Kwa mwendo huo, moyo unajaa damu vizuri na kufanya kazi muda mrefu, misuli inajifunza kutumia mafuta ya mwili badala ya kumaliza akiba ya wanga, na miguu inapokea maelfu ya hatua ambazo mifupa inaweza kuzivumilia. Mambo hayo yanategemea zaidi muda utakaokaa barabarani kuliko ukali wa mwendo. Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, alipochunguza wanariadha wakubwa wa michezo ya ustahimilivu, wakimbiaji, wapiga makasia, wateleza kwenye theluji, alikuta karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Hawa ni watu ambao kukimbia ndiyo kazi yao. Sisi tunaokimbia kabla ya kuwahi basi la mwendokasi ndio tunaotaka kila siku iwe fainali.

Tazama Kaptagat, Kenya, kwenye kambi ya kocha Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992. Ndiko alikofundishwa Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Mpango wao wa wiki unajulikana: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu ya kilomita 30 au 40, Jumamosi fatleki, yaani kubadilisha mwendo kasi na taratibu ndani ya mbio moja. Siku nyingine ni mbio nyepesi. Mgeni akijiunga nao kwenye mbio ya jioni hushangaa, maana wanaanza kama watu wanaokwenda gengeni kununua nyanya.

Tukiiga kambi ile huwa tunaiga vibaya. Tunachukua ile Jumanne, tunaifanya kila siku, na tunaacha usingizi wa mchana.

Pipa lenye tundu

Asilimia 20 iliyobaki ndiyo yenye ukali, nayo ina aina zake. Ya kwanza naiita kasi ya ukingoni.

Misuli ikifanya kazi kwa nguvu hutengeneza lakteti. Wengi tumefundishwa kwamba misuli ikiwaka moto ni "asidi" imejaa, na kwamba maumivu ya kesho yake ni asidi hiyo iliyobaki. Sivyo. Lakteti yenyewe ni chakula. Moyo huitumia, na misuli mingine huitumia, na ukishapumzika hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya kesho yanatokana na michubuko midogo ya nyuzi za misuli.

Fikiria pipa lililotoboka chini, na bomba linalomimina maji juu. Bomba likifunguliwa kidogo, maji yanaingia na kutoka, pipa halijai. Ukizidi kulifungua kuna mahali ambapo yanayoingia yanalingana na yanayotoka. Hapo ndipo ukingoni. Ongeza kidogo tu na pipa linaanza kujaa. Lakteti inapanda, na vinavyoambatana nayo vinavuruga kazi ya misuli, nawe umebakiwa na dakika chache kabla ya kulazimika kupunguza mwendo. Kwa wengi, ukingo ni ule mwendo ambao wangeweza kuushikilia kwa takriban saa moja ya mashindano. Kufanya mazoezi hapo, bila kuvuka, kunapanua lile tundu. Baada ya wiki kadhaa, mwendo uliokuwa unakujaza pipa unakuwa wa kawaida.

Kosa la kawaida ni kuvuka. Mtu anaambiwa akimbie dakika 8 mara tatu kwa kasi ya ukingoni, anakimbia ya kwanza kama anafukuzwa, ya pili kwa shida, ya tatu anatembea. Ukimaliza vipande hivyo unatakiwa ujisikie kwamba kipande cha nne ungekiweza, ila hukipendi.

Aina ya pili ni vipande vifupi vya kasi, kuanzia dakika moja hadi nne, vyenye mapumziko katikati. Hivi vinausukuma moyo karibu na kilele chake na kuifundisha miguu kukimbia kwa ufundi ukiwa umechoka. Emil Zátopek wa Czechoslovakia alivifanya kwa makumi, mita 400 baada ya mita 400, na mwaka 1952 mjini Helsinki akachukua dhahabu ya mita 5000, ya mita 10,000 na ya marathoni ambayo ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Ulimwengu ukaamini vipande ndiyo siri yote. Kisha Arthur Lydiard, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu huko New Zealand, akawakimbiza vijana wake hadi kilomita 160 kwa wiki barabarani na milimani kabla ya kuwagusisha kasi ya uwanjani. Hata Peter Snell, mkimbiaji wa mita 800, alipitia humo. Tarehe 2 Septemba 1960 kule Roma, Snell alishinda mita 800 na mwenzake Murray Halberg akashinda mita 5000, siku ileile.

Ubishi wa Zátopek na Lydiard haujaisha hadi leo, lakini ratiba nyingi tunazotumia ni mseto wa wawili hao: kwanza wiki nyingi za msingi wa polepole, kisha vilima na kasi ya ukingoni, kisha kunoa kwa vipande, kisha kupunguza. Mpangilio huo una sababu. Kasi hukolea upesi na huchuja upesi, wiki sita hivi zinatosha kuinoa. Msingi hujengwa kwa miezi na hudumu. Kinachojengeka polepole huanza, kinachokolea upesi humalizia.

Na kasi haina maana kama hujafika nayo mwisho. Mnamo Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani waliingia uwanjani kumaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia, wote wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sekunde 0.03, Simbu akachukua dhahabu. Wote wawili walikuwa na mbio za kukimbizana baada ya kilomita 42. Hizo hutoka kwenye msingi.

Wiki moja, kwa macho

Tuseme una siku nne kwa wiki, na mwishoni mwa Februari unakwenda Moshi kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro. Anza Novemba, upate wiki 16. Wiki ya tisa inaweza kuwa hivi: Jumanne kilomita 6 za soga, yaani mwendo ule wa kusimulia mechi, na mwishoni mara sita uchomoke kwa sekunde 20, kwa wepesi, miguu ikumbuke kukunjuka. Alhamisi kilomita 2 za kupasha misuli, kisha zile dakika 8 mara tatu ukingoni na dakika 2 za kujikokota katikati, kisha kilomita 2 za kupoa. Jumamosi mbio ndefu ya kilomita 14, soga tupu. Jumapili jioni kilomita 5, taratibu kuliko zote. Jumla ni kama kilomita 33, na kati ya hizo zenye ukali ni nne tu.

Nilipoandika hesabu hiyo kwenye daftari mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Kilomita nne kati ya 33? Lakini kwa sababu siku tatu nyingine nilikwenda taratibu, hizo nne nilizikimbia kwelikweli. Baada ya wiki 16 kilomita zangu 10 zilikuwa dakika 55 na sekunde 20.

Kuhusu kikundi cha Jumamosi, sikukiacha. Nilihamia nyuma kabisa, kwa akina mama wanaojadili bei ya mchele na mikopo ya vikoba. Wao ndio waliokuwa wanafanya mazoezi sahihi muda wote.

Mwendo wa mazoezi unatokana na uwezo wako wa leo, hautokani na ndoto. Mhandisi Mmarekani Pete Riegel aliacha kanuni rahisi ya kukadiria muda wa umbali mmoja kutokana na mwingine, na kwa mtu wa dakika 60 kwenye kilomita 10, inampa nusu marathoni ya takriban saa 2 na dakika 12, kwenye njia tambarare. Huyu akipanga mazoezi kwa mwendo wa saa 2 kamili, kila siku yake inakuwa ngumu mno na anarudi kulekule katikati. Pima upya kila baada ya wiki nne au tano, urekebishe.

Ratiba nazo huandikwa na watu wasiokujua. Haziijui malaria. Ikikukamata wiki ya saba, wiki ya nane usijaribu kulipia kilomita ulizokosa. Ukishamaliza dawa na hamu ya chakula ikarudi, anza na dakika 20 za polepole, halafu ruka mbele hadi kalenda ilipo ukiwa na mzigo mdogo. Hazijui Ramadhani pia, ambayo miaka hii inaangukia msimu huohuo. Wengi ninaowafahamu hukimbia nusu saa nyepesi kabla ya futari, ili maji yawe karibu, na ile siku ngumu moja huipeleka baada ya tarawehe. Ukikosa kipindi kimoja, kiache kilipo. Kukibana katikati ya vingine ndiko kunakoharibu wiki nzima.

Viatu? Vya mtumba vya Karume vinafaa kama povu la soli bado linarudi ukilibonyeza kwa dole gumba. Likibonyea na kubaki, hata kama juu kinang'aa, kiache.

Wiki mbili za mwisho kilomita zinashuka hadi karibu nusu, lakini ule ukali mdogo unabaki, vipande vichache vya mwendo wa mashindano. Hapa watu hupagawa. Miguu inahisi mizito, goti linauma ghafla bila sababu, usiku unaota umechelewa kuanza. Ni uchovu wa miezi mitatu unaotoka. Anayekwenda kujipima kilomita 18 siku tano kabla ya mbio, ili awe na uhakika, anaupeleka ule uhakika Moshi ukiwa umetumika.

Moshi yenyewe ina jambo ambalo watu wa pwani tunalisahau. Njia inapanda kwa muda mrefu kuelekea Mweka, na wote tunafanya mazoezi ya kupanda. Kupanda kunakata pumzi tu, na dawa yake ni kusahau saa na kushika pumzi ileile ya ukingoni, hata mwendo ukifika dakika 7 kwa kilomita. Kinachowamaliza watu ni kushuka. Misuli ya paja inafunga breki kwa kila hatua huku ikinyooshwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochubua nyuzi kuliko nyingine zote. Bahati ni kwamba misuli ikichubuliwa kidogo mara moja au mbili, inabaki na kinga ya wiki kadhaa. Kwa hiyo wiki ya tano na ya tatu kabla ya mbio, peleka mbio yako ndefu Pugu au Kisarawe, panda utakavyo, lakini ukishuka shuka kwa mwendo wa mashindano, hatua fupi za harakaharaka. Kesho yake utashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume.